Kisima cha Pili

Fahali asiyejulikana akigeuka na kukimbia katika uwanja wa mapigano ya fahali wa Khayega, Kakamega, watu hucheka, humpisha apite, na haupiti muda wamekwisha kumsahau. Akikimbia yule aliyeshinda mara iliyopita, aliyeimbiwa na kupigiwa ngoma za isukuti tangu zizini hadi uwanjani, umati hunyamaza kwa namna nyingine kabisa. Wapo wanaomtazama mwenye ng'ombe kana kwamba amewaibia. Ukiwauliza wameibiwa nini, jibu halipatikani, maana hakuna aliyewaahidi kitu. Mwenye fahali hakusema neno, alimleta tu. Hata hivyo deni lipo, na kila aliyesimama pale analihisi.

Hisia hiyo ndiyo inayotupata tunapofunga kitabu cha pili katika mfululizo wa riwaya za upelelezi na kukiweka pembeni kwa uzito. Huwa tunaimaliza kesi haraka: mwandishi amechoka, mwandishi amefuata pesa, mwandishi alikuwa na hadithi moja tu. Pengine ni kweli. Lakini nimekuja kuamini kwamba mara nyingi tunamshika mshukiwa wa kwanza tuliyemwona, na kwamba kuvunjika moyo huku kunastahili kuchunguzwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu si sawa na kutopendezwa. Kitabu kibovu cha mtu nisiyemjua kinanichosha, basi. Hakina uwezo wa kunivunja moyo. Uwezo huo anao yule tu aliyewahi kunifurahisha.

Kwa wasomaji wa Kiswahili mfano ulio karibu ni wa mpelelezi Bwana Msa. Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, na ikatoka kitabuni mwaka 1960. Kisima cha Giningi kikafuata 1968. Katika miaka ya sabini vikaja Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa, na mwaka 1984 kikatoka Kosa la Bwana Msa. Vitabu saba, na ndani yake mpelelezi mmoja na kiko chake, mwenzake Najum, na Inspekta Seif wa polisi. Nimewasikia wasomaji wengi, wakubwa kwa wadogo, wakisema neno lile lile: cha kwanza hakina mfano, cha pili kimepungukiwa. Wakiombwa waonyeshe kilichopungua, wanababaika. Lugha ni ile ile tamu. Mtego wa kisa umetegwa kwa ustadi ule ule, na kwa maoni yangu umetegwa hata vizuri zaidi. Basi ni nini kimepungua?

Nianze na sisi wa Kakamega, kwa kuwa hapa jambo linaonekana waziwazi. Msomaji wa Magharibi mwa Kenya alipokifungua Mzimu wa Watu wa Kale alikutana na mafumbo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la wasomaji wote: nani ameua? La pili lilikuwa letu tulio mbali na bahari: Unguja ni mahali gani, na watu wake wanasemaje? Sisi Kiswahili tulikipata baada ya Kiisukha, Kiidakho, Kikabras au Kimarama, tukakijenga kwa vipande vya sokoni na vya darasani. Ghafla tukawekwa mbele ya Kiswahili kinachojipinda na kucheka, chenye misemo ambayo mwalimu wetu mwenyewe ilimbidi aiulizie. Tulipeleleza sentensi kabla ya kupeleleza mauaji. Neno tusilolijua lilikuwa dalili, na tulipoigundua maana yake kurasa tatu mbele tulijiona tumetatua jambo kabla hata Bwana Msa hajawasha kiko. Furaha ile haikuwa ndogo. Naona ilikuwa nusu ya kitabu.

Kitabu cha pili kilipofika, tulikuwa tumeshaijua njia ya kuingia Unguja. Kile cha kwanza kilitufundisha kusoma, na kwa kutufundisha kilikula akiba ya ugeni ambayo kitabu cha pili kingeihitaji. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Mwandishi hakupungukiwa na kitu. Sisi ndio tuliozidi.

Lipo jambo zito zaidi, nalo linahusu mizimu. Katika kitabu cha kwanza mtu anakutwa amekufa mahali panapoogopwa, kwenye mzimu wa wazee waliotangulia, na watu wa pale wanajua la kusema: mzimu umekasirika. Bwana Msa hakubali. Kwake kifo kina mkono wa binadamu, na mkono huo unaweza kutafutwa kwa macho, kwa masikio na kwa kufikiri. Kwa kijana aliyelelewa Shinyalu au Malava hilo halikuwa pambo la hadithi. Kwetu tuna misambwa, ndiyo mizimu yetu. Tuna vichaka ambavyo wazee walitukataza kukata kuni ndani yake, na tuna vifo ambavyo hadi leo vinaelezwa kwa jina la jirani fulani na jicho lake. Kukutana na mtu mwenye kuzungumza Kiswahili fasaha, aliyesimama katikati ya hofu ile na kusema kwa upole kwamba tuangalie tena, kulitikisa kitu ndani yetu. Tulisoma tukiwa na hofu mbili: hofu ya mzimu, na hofu kwamba pengine mzimu haupo. Ya pili ndiyo iliyotukesha.

Sasa tazama kinachotokea mwaka 1968. Mwandishi analiongeza giza. Giningi katika masimulizi ya Zanzibar ni makao ya wachawi, mahali panapotisha kuliko kaburi lolote. Jina lenyewe kwenye jalada lilitosha kumtia mtu baridi. Lakini msomaji wa Bwana Msa hatetemeki tena. Kijana mmoja niliyemwazima kitabu hicho alikirudisha kabla ya kukimaliza, akaniambia, "Mwalimu, huyu Bwana Msa hanitishi tena. Najua si wachawi. Najua ni mtu, na najua Najum atakosea kwanza." Nilitaka kumbishia na sikuwa na hoja. Alikuwa amehitimu. Shaka aliyopandikizwa na kitabu cha kwanza ilikuwa imeota, na shaka ikishaota haiwezi kupandwa tena mahali pale pale. Mwandishi anayetufundisha kutoamini mizimu hawezi kutuogofya kwa mzimu mkubwa zaidi.

Plato aliliona tatizo hili kwa upande wake wa nyuma. Katika mazungumzo ya Meno anauliza mtu awezaje kutafuta kitu asichokijua: kama anakijua hana haja ya kukitafuta, na kama hakijui hatakitambua akikipata. Wanafalsafa wamehangaika na fumbo hilo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Riwaya ya upelelezi inaishi katikati ya mawe hayo mawili ya kusagia, katika nafasi nyembamba ambapo msomaji anajua kiasi cha kutosha kutafuta, na hajui kiasi cha kutosha kuchoka. Kitabu cha kwanza kinaipata nafasi hiyo bure. Cha pili lazima kiifanyie kazi, kwa kuwa msomaji amesogea.

Kipimo cha kusogea huko ni Najum. Katika kitabu cha kwanza tunakaa upande wake. Anaposhangaa tunashangaa, anapomshuku asiye na kosa tunashuku naye, na Bwana Msa yuko juu yetu sote. Katika kitabu cha pili tumempita Najum. Tunamwona akikimbilia kwenye shimo tulilokwisha kulitambua, na badala ya kuwa mwenzetu anakuwa mtu wa kuhurumiwa. Hatujamfikia Bwana Msa, lakini tumepoteza kiti chetu. Riwaya ya upelelezi isiyo na mahali pa msomaji kuketi inamwacha amesimama mlangoni, akihesabu kurasa zilizosalia.

Je, kuna njia ya kujua kama kosa ni la kitabu au ni la kusogea kwetu? Ipo moja, nayo nimeitumia kwa wanafunzi: geuza mpangilio. Mpe msomaji mpya Kisima cha Giningi kwanza, kisha Mzimu wa Watu wa Kale. Wale walioanza na Kisima ndio niliowaona wakikaa nacho hadi taa zizimwe, na wakiufungua Mzimu baadaye kwa kusitasita, kana kwamba wamepewa kiporo. Kama kitabu kingekuwa kibovu chenyewe, kingeudhi kikisomwa kwanza kama kinavyoudhi kikisomwa cha pili. Kisima kinapita mtihani huo, na ndiyo maana nakitetea. Vipo vitabu vya pili, vya waandishi wengine, visivyopita hata uvigeuze vipi, na hivyo tuna haki ya kuvilaumu bila huruma.

Hapa mtu wa kwetu atanipinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: bibi alitusimulia hadithi ya amanani, yale mazimwi yanayomeza watu, usiku hata usiku, na hatukuchoka. Tulijua msichana angeokoka. Tulijua wimbo ungeimbwa mara tatu. Akiruka sehemu tulimsahihisha. Ikiwa kujua kunaua hadithi, mbona hadithi hiyo haikufa?

Haikufa kwa sababu haikusimama juu ya kutojua. Ilisimama juu ya sauti ya bibi, juu ya moto, juu ya kubanana kwa watoto pale hofu ilipofika mahali ilipozoea kufika. Tuliirudia kwa namna wimbo wa jandoni unavyorudiwa, na kurudia kwenyewe ndiko kulikokuwa furaha. Fumbo la mauaji limechagua msingi mwingine. Limeweka kila kitu juu ya swali moja, na swali likijibiwa nyumba haina nguzo. Ndiyo maana mtu anayesoma riwaya ya upelelezi mara ya pili huwa anasoma kitu kingine: anasoma ufundi, anatazama dalili zilivyofichwa mbele ya macho yake. Huo ni usomaji mzuri, ila si ule wa kwanza.

Søren Kierkegaard, Mdenmaki, aliandika mwaka 1843 kitabu kizima juu ya swali la kama kurudia kunawezekana. Msimulizi wake anarudi Berlin, mji aliowahi kuufurahia, anakwenda katika nyumba ile ile aliyopanga, ukumbi ule ule wa michezo, ili aone kama furaha ya zamani itamrudia. Hairudi. Vitu vingi viko mahali pake, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi. Nakitaja kwa sababu kinanisaidia kueleza uchungu wa pekee wa kitabu cha pili kilicho kizuri. Kingekuwa kimebadilika kabisa tungekisamehe kama tunavyomsamehe mgeni. Kinachouma ni kukuta kiko kilekile, na kicheko kilekile, na sisi tumeketi mbele yake bila kuchekeshwa.

Conan Doyle naye alilipata hilo kwa njia yake. Mwaka 1893 alimtosa Sherlock Holmes katika maporomoko ya maji, akiwa amemchoka. Wasomaji walilia mpaka, baada ya miaka, akamrudisha akiwa hai. Doyle mwenyewe alisimulia jinsi mwendesha mashua mmoja wa Cornwall alivyomwambia kwamba pengine Holmes hakufa alipoanguka, lakini tangu siku ile hakuwa tena mtu yule yule. Sijasoma uhakiki wa mfululizo ulio mfupi na wa kweli kuliko huo. Wasomaji waliomba Holmes arudi, wakarudishiwa Holmes, naye mtu yule akahisi kwamba kitu walichokiomba hakimo. Kilichokuwa kimeanguka majini ni ule wakati ambapo hakujua Holmes ataweza nini.

Kutokana na hayo mwandishi wa mfululizo anabanwa na malalamiko mawili yasiyopatana. Akirudia, tunasema tumeshaona. Akibadili, tunasema huyu si yule tuliyempenda. Abdulla alijaribu yote mawili. Katika vitabu vya miaka ya sabini hofu ya mizimu inarudi nyuma, na mafumbo ya nasaba yanachukua nafasi: nani ni mtoto wa nani, nani ndugu wa nani bila kujua. Wengine waliona amepoteza makali. Mimi naona alikuwa anatafuta kwa bidii mahali ambapo bado hatujui, na akaona kwamba mtu aliyekwisha kuacha kuwaogopa wachawi bado haijui vizuri familia yake mwenyewe. Hata asipofanikiwa kila mara, mwelekeo huo ni wa heshima. Dunia anayoichora ni ya Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, na kitabu cha pili kilitoka miaka minne baada ya dunia hiyo kuondoka. Mwandishi alikuwa akirudi mahali ambapo hata yeye hakuweza kurudi.

Wapo waandishi waliolikwepa tatizo kwa kujenga juu ya msingi mwingine. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa hawaishi kwa fumbo. Wanaishi kwa mwendo, hatari na majigambo, na msomaji anayewafuata kitabu baada ya kitabu anakaribia yule mtoto wa amanani: anataka wafanye tena kile wanachofanya. Ndiyo maana kitabu chao cha tatu au cha nne hakivunji moyo kwa namna hii. Sisemi ni wadogo kwa hilo. Nasema walikopa kidogo zaidi kutoka kwa kutojua kwetu, hivyo walibaki na deni dogo.

Na deni lenyewe? Lazima tuliweke sawa, hasa sisi wa hapa, maana tunajua ahadi iliyovunjwa inafananaje. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyosema kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao daima. Muda mfupi baadaye dhahabu ikapatikana Kakamega, na kufikia mwisho wa mwaka 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa ajili ya machimbo bila kutolewa ardhi nyingine badala yake. Hiyo ilikuwa ahadi, imeandikwa, ina tarehe, na waliovunjiwa walikuwa na haki ya kudai. Msomaji wa kitabu cha pili hana hati kama hiyo. Anachohisi kinafanana na kusalitiwa, lakini aliyeiandika ahadi ni yeye mwenyewe, usiku alipokifunga kitabu cha kwanza na kusema moyoni kwamba siku moja atapata tena kitu kama hiki. Kuchanganya mambo hayo mawili kunamdhulumu mwandishi, na kunawadhulumu zaidi waliosalitiwa kweli.

Hata hivyo siwezi kumwachilia mwandishi kabisa. Anayeliweka jina la mpelelezi wake kwenye kitabu kingine anajua tutakuja na matumaini, na anayatumia. Anachotudai ni imani. Tunachomdai nadhani si furaha ile ile, kwa kuwa hiyo hana uwezo wa kuitoa tena. Tunamdai atufanye tusijue upya. Atafute mahali ambapo elimu aliyotupa katika kitabu cha kwanza haitoshi, atupeleke huko, na atuache gizani kwa uaminifu. Kosa la Bwana Msa, kwa jina lake tu, linanionyesha kwamba Abdulla aliijua kazi hiyo. Baada ya vitabu sita, kitu pekee ambacho msomaji hakuwahi kukishuku kilikuwa akili ya Bwana Msa mwenyewe.

Natamani kuona mtu wa hapa akiijaribu kazi hiyo. Machimbo ya Rosterman yako kando tu ya mji wa Kakamega, na vijana bado wanashuka mashimoni kutafuta dhahabu. Kitabu cha kwanza kingekuwa rahisi kukiona: ni miaka ya thelathini, mchimbaji amekutwa amekufa, wazee wanasema misambwa imechukizwa na kutobolewa kwa ardhi, na mpelelezi mmoja wa Kiidakho hakubali. Muuaji anapatikana. Cha pili kisituletee maiti nyingine na kichaka kingine cha kutisha. Kituletee karatasi mbili za serikali, moja ya 1930 na moja ya 1932, na mpelelezi yule yule aliyezoea kutafuta mkono mmoja wa binadamu akute mikono mingi, yote safi, yote imetia saini mchana kweupe. Ujuzi wote tuliojifunza naye haungetusaidia humo. Tusingejua hata tumshuku nani, na tungekaa tena kwenye benchi moja na Najum.